Mshale ulisema 60, tochi ikasema 71: nani mkweli?

Swali limetoka kwa kijana wa Arusha, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Jumamosi nilitoka Arusha naelekea Moshi na Noah ya mzee, nimefika Kikatiti nikapigwa tochi, mbele kidogo nikasimamishwa na trafiki mwingine akanionyesha picha kwenye simu, 71 kwenye 50. Nakiri sikuwa 50, ila mshale niliuangalia kwa macho yangu mwenyewe ulikuwa 60. Nimeandikiwa elfu 30. Nyuma kulikuwa na Kosta inanisukuma, mbele nilikuwa nimetoka kulipita lori. Hivi hiyo tochi inafanyaje kazi, inajuaje ni mimi na sio Kosta, na inawezekana ilidanganya? Kijiweni kuna jamaa anasema ukitundika sidii kwenye kioo haikusomi. Na zile kamera za Ulaya zinazokaa barabarani bila polisi zenyewe zikoje?"

Marahaba mdogo wangu, pole kwa hiyo elfu 30. Nimeiangalia picha uliyoipiga kwenye simu ya afande, vizuri uliomba kuiona maana wengi wanalipa huku wanalalamika bila hata kuitupia jicho, na picha ndio ushahidi wenyewe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili naulizwa gereji karibu kila wiki, na mambo yanayosemwa vijiweni kuhusu tochi aisee ni vichekesho.

Kwanza jina. Tunaita tochi kwa sababu afande anaishika kama tochi na kukuelekezea, ila mwanga wake huuoni kabisa. Ni leza, mwanga wa aina ya infraredi, ule ulioko chini ya wekundu ambao jicho la binadamu halioni. Mwingi unakuwa kwenye nanomita 905 hivi, yaani ni jirani kabisa na ule wa rimoti ya tivii. Ukitaka kuamini chukua rimoti hapo nyumbani, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu halafu bonyeza kitufe chochote huku unaangalia kioo cha simu, kwenye simu nyingi utaona kijitaa kinawaka cha zambarau au cheupe ambacho kwa macho hukioni. Basi tochi ya trafiki ni ndugu wa hicho kitu, ila wenyewe mwanga umebanwa ukawa kama uzi na unatoka kwa vipigo vifupi vifupi sana.

Sasa inapimaje. Watu wengi wanadhani kuna kitu inasoma kwenye gari, eti inasoma injini, eti inasoma tairi zinavyozunguka, wengine wanasema inasoma namba ya gari halafu inaenda kuangalia mtandaoni. Hapana. Tochi haijui spidi yako kabisa, inachojua ni umbali tu. Inatupa kipigo cha mwanga, kinaenda kinagonga gari kinarudi, inahesabu muda kiliotumia. Mwanga unakwenda kilomita laki 3 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 300 kwenda na kurudi ni sehemu mbili za milioni ya sekunde, yaani hata neno "mi" hujamaliza kulitamka mwanga umeshaenda na kurudi mara elfu kadhaa. Kwenye sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga unatembea kama sentimita 30, urefu wa rula ya shule, na saa ya humo ndani ya kifaa inaweza kutofautisha vitu vidogo hivyo.

Halafu inarudia. Tuseme inapiga vipigo 100 kwa sekunde (vingine vinapiga zaidi ila nachukua mia hesabu iwe nyepesi). Gari linalokuja kwa 71 linatembea mita 19.7 kila sekunde, kwa hiyo kati ya kipigo na kipigo linakuwa limesogea karibu sentimita 20. Tochi inaandika: mita 286.0, halafu 285.8, halafu 285.6, halafu 285.4, inaendelea hivyo hivyo. Ndani ya theluthi ya sekunde ina umbali kama thelathini na kitu, inaupanga kwenye mstari, inaangalia mstari unashuka kwa kasi gani, hiyo ndio spidi yako. Basi. Ni hesabu ya darasa la sita, umbali gawanya kwa muda, tofauti ni kwamba inafanywa mara nyingi na kwa haraka ya ajabu.

Na hapo ndipo kuna ule ulinzi ambao madereva hawaujui. Kama mkono wa afande umetikisika, mwanga ukaanza kwenye kioo cha mbele ukateleza mpaka kwenye boneti, umbali unaruka vibaya, haukai kwenye mstari ulionyooka. Kifaa kikiona hivyo hakitoi spidi, kinatoa kosa, afande anaanza upya. Sisemi haiwezekani kabisa kukosea, hakuna kipimo duniani kisichokosea, hata mizani ya sokoni, ila vifaa hivi makosa yake ya kawaida ni kama kilomita 2 juu au chini. Kutoka 60 kwenda 71 kwa kosa la kifaa, hapana. Ujerumani kwa mfano wanajua kipimo kina kosa lake, kwa hiyo ukiwa chini ya 100 wanakutolea kilomita 3 kwanza ndio wanaangalia umevunja sheria au la. Wewe hata wakikutolea hizo 3 unabaki na 68.

Suala la Kosta. Hili swali ni zuri na lingekuwa na nguvu sana kama ungepigwa na rada ya zamani, nitaeleza kwa nini. Uzi wa leza ukitoka kwenye kifaa unatanuka kidogo sana, ukifika mita 300 una upana wa kama mita moja tu. Noah yako ina upana wa karibu mita 1 na sentimita 70. Maana yake uzi wote unaingia kwenye uso wa gari lako na nafasi inabaki, hauwezi kukupima wewe na Kosta kwa mpigo. Kwenye picha yako kuna kimsalaba, angalia kiko wapi: kiko kwenye grili, juu kidogo ya namba. Hicho kimsalaba sio mapambo, ndio kinaonyesha leza ilikuwa imeelekea wapi. Kingekuwa kimekaa hewani kati yako na Kosta, au kimekaa kwenye kioo cha Kosta huku namba iliyoandikwa ni yako, hapo ungekuwa na la kusema na mimi ningekutetea. Lakini kiko kifuani kwako meku, hakuna ubishi.

Namba za gari zenyewe zinamsaidia afande, zile karatasi zake zimetengenezwa kurudisha mwanga kulekule ulikotoka, ndio maana usiku ukimulika gari kwa mbali unaona namba inawaka kabla hujaona gari lenyewe. Afande akilenga namba anapata jibu haraka. Taa za mbele nazo zinarudisha vizuri.

Kwa hiyo sidii. Jamaa wa kijiweni mwambie atafute biashara nyingine. Sidii iliyotundikwa kwenye kioo cha ndani inazunguka zunguka pale inarusha mwanga kushoto kulia kama kioo kilichovunjika, na afande wala halengi kioo, analenga namba na grili huko chini. Hata angelenga kioo bado mwanga utakaorudi kutoka kwenye gari unatosha. Kuna wengine wanapulizia namba ile dawa ya kusimamisha nywele eti picha itoke nyeupe, hiyo nayo ni kuharibu namba bure, na ukikutwa na namba isiyosomeka umejiongezea kosa lingine juu ya lile ulilokuwa unakimbia.

Sasa nirudi kwenye rada, maana watu wanachanganya. Rada haipimi umbali, inasikiliza mlio. Umewahi kukaa pale Kwa Sadala pembeni ya barabara, basi linakuja kwa kasi limeshikilia honi? Likiwa linakuja mlio uko juu, piiii, likishakupita tu mlio unashuka, poooo. Honi ni ileile, dereva hajabadilisha kitu, ila mawimbi yanabanwa basi linapokuja na yanavutwa linapoondoka. Mtu aliyeliandika hili ni mwanafizikia anaitwa Christian Doppler, mwaka 1842, na mwaka 1845 Mholanzi mmoja Buys Ballot akalijaribu kwa kupakia wapiga tarumbeta kwenye treni huku wanamuziki wengine wamesimama chini wanasikiliza sauti imepanda au imeshuka. Hebu fikiria hiyo kazi, unalipwa kupiga tarumbeta ya noti moja juu ya treni.

Rada ya barabarani inafanya hivyohivyo kwa mawimbi ya redio. Nyingi zinatumia frikwensi ya kama mitikisiko bilioni 24 kwa sekunde (mtikisiko mmoja kwa sekunde ndio unaitwa hezi moja). Wimbi linagonga gari linalokuja linarudi likiwa limebanwa kidogo, tofauti kati ya lililotoka na lililorudi ni kama hezi 45 kwa kila kilomita moja ya spidi. Ukiwa 50 tofauti ni kama 2,200, ukiwa 71 ni kama 3,200, na hizo ni sauti ambazo sikio linasikia kabisa, vifaa vingine vina spika afande anasikia mluzi unapanda gari likichochea. Tatizo la rada ni kwamba mawimbi yake yanatawanyika kama maji ya bomba la kumwagilia bustani. Umbali wa mita 300 yanaweza kuwa yametanda mita 60, yaani barabara yote, magari yote yaliyomo, na ng'ombe wa pembeni. Kinachojibu kwa nguvu ni kile chenye uso mkubwa, mara nyingi lori au basi. Hapo ndipo ungesema "afande ile ni Kosta" na ungekuwa na hoja. Ndio maana kwa kuchagua gari moja kwenye msururu leza ni bora zaidi.

Na ndio maana pia vile vidude vya kukamata mawimbi ya rada ambavyo watu waliagiza kwa bei mbaya havikusaidii kwenye leza. Rada imetapakaa kila mahali kwa hiyo kidude kinaisikia kabla hujafika. Leza ni uzi, haukugusi mpaka siku inakugusa, na ikikugusa kidude kinalia "tii" ukiwa umeshapimwa tayari. Ni kama mbwa anayebweka mwizi akiwa ameshatoka na tivii.

Haya, sasa twende kwenye roho ya swali lako, mshale 60 na tochi 71. Nimekaa nikaliwaza sana hili kwa sababu nakuamini kwamba uliona 60. Na tochi naiamini. Wote mko sahihi ila hamkuangalia kwa wakati mmoja.

Angalia kwenye picha pale juu pameandikwa umbali, mita 286. Huo ndio umbali kati yako na tochi picha ilipopigwa. Sasa jiulize, wewe ulimwona afande ukiwa umbali gani? Nguo nyeupe kwenye kivuli cha mti, mchana wa jua kali, pikipiki zimepaki, mama wa ndizi kakaa pembeni, niambie ukweli, ulimwona labda mita 150, na hapo nakupendelea. Kutoka 286 mpaka 150 ni mita 136, kwa spidi ya 71 hiyo ni karibu sekunde 7. Sekunde 7 nzima ulikuwa umeshapigwa hujui. Halafu ukamwona, mguu ukaachia mafuta wenyewe hata kabla akili haijaamua (sote tunafanya hivyo, hata mimi), macho yakashuka kwenye mshale, ukakuta 60, ukapumua, ukasema afadhali. Hiyo 60 ni ya kweli kabisa. Ila ni 60 ya baada ya tukio.

Na ilifikaje 71? Umeisema mwenyewe, ulikuwa umetoka kulipita lori na Kosta inakusukuma. Mtu akiovateki anakanyaga, akirudi kwenye laini anasahau kuachia, hasa mtu akiwa na taa za Kosta kwenye kioo cha nyuma. Jumlisha na barabara yenyewe, kutoka Arusha mjini ambako ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari mpaka uwanja wa ndege wa KIA ambako ni karibu 900, safari yote ya upande huo ni kushuka, taratibu hivyo huoni kama ni mteremko. Gari linajiendea. Ukitoka Moshi kuja Arusha unapanda, mguu ukilegea gari linazubaa lenyewe, lakini upande wa kushuka ukilegea linaendelea kuteleza na 70. Nimeshapigwa tochi mara mbili kwenye hiyo barabara na zote mbili nilikuwa naelekea nyumbani Moshi, hakuna hata moja ya kupanda.

Kuna suala la tairi, ulidokeza kwamba mzee alibadilisha tairi, hili nalo tuliangalie. Spidomita ya gari haipimi spidi ya ardhini, inahesabu mizunguko ya shafti au tairi halafu inazidisha na saizi ya tairi ambayo kiwanda kiliiweka. Noah nyingi zinakuja na 195/65 R15, kipenyo chake ni kama milimita 634. Watu wa huku kwa ajili ya barabara za vumbi wanapenda kuinua, wanaweka 205/70 R15, hiyo ni kama milimita 668. Imezidi asilimia 5. Maana yake kila mzunguko gari linaenda mbele zaidi ya mshale unavyodhani, ukiona 60 mshale umekuibia kama kilomita 3. Lakini ngoja, viwandani nao wana ujanja wao, kanuni za kimataifa zinakataza spidomita kuonyesha pungufu ya ukweli, kuzidisha wanaruhusu, kwa hiyo karibu magari yote mshale unaongopa kwa kwenda juu. Ukiona 60 kwenye gari la tairi za kiwandani kiukweli uko 56 au 57. Ukiweka tairi kubwa unaula ule uongo wa kiwanda, unabaki na ukweli mtupu au unapitiliza kidogo. Kwa hiyo tairi zinaweza kueleza kilomita 3 tu kwa kingi, tena kama mshale wako hauna ule uongo wa kiwanda. Kilomita 11 haziwezi. Hizo zilizobaki ni zile sekunde 7.

Kupima mshale wako ni rahisi, hauhitaji fundi. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na watu wengi, abiria ashike simu yenye programu ya spidi ya GPS (abiria, sio wewe), shikilia mshale kwenye 50 bila kuyumba kama nusu dakika, aangalie simu inasemaje. Rudia kwenye 80. GPS haina habari na saizi ya tairi, inapata spidi kutoka kwenye setilaiti, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na anga wazi inasema ukweli kuliko dashibodi. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa njia hiyohiyo, wao kikomo ni 80 na dereva akizidisha inaonekana huko ofisini hata kama barabarani hakuna afande hata mmoja.

Kuna kitu kimoja zaidi cha hesabu ambacho watu wanakigeuza. Wanasema "alinipiga kwa pembeni kwa hiyo ilizidisha". Ni kinyume. Tochi inapima gari linavyoisogelea yenyewe, kwa hiyo afande akisimama mbali na barabara akakupiga kwa kona, yaani kwa mshazari, inasoma pungufu. Akiwa pembeni mita 20 na wewe uko mita 60, 71 yako itasomeka kama 67. Yaani kona inakubeba dereva. Kwa mita 286 afande akiwa ukingoni mwa lami kona hiyo ni ndogo hata haihesabiki.

Unaweza kusema kilomita 21 zilizozidi ni kitu gani bwana, barabara ilikuwa nyeupe. Nimekupigia hesabu kwa lami kavu na breki nzima. Mtoto anaingia barabarani, dereva wa 50 anatumia sekunde moja kushtuka na anasimama kwenye mita 28. Wewe wa 71, ukianza kushtuka palepale alipoanza yeye, ukifika kwenye hiyo mita ya 28 bado gari lako linakwenda na 60. Sio 21, ni 60. Nilipoipiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilidhani nimekosea nikarudia. Sababu ni kwamba nguvu ya gari inapanda kwa spidi mara spidi, 71 ina nguvu mara mbili ya 50 na ushee, halafu ile sekunde ya kushtuka imeshakula mita karibu 20 kabla mguu haujafika kwenye breki. Na vibao vya 50 barabara hiyo viko Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Boma, yaani palepale penye masoko na watoto wa shule.

Za Ulaya sasa, nisiende mbali sana. Maarufu kuliko zote inaitwa Gatso, na historia yake inachekesha. Maurice Gatsonides, Mholanzi mwingine tena, alikuwa dereva wa rali, alishinda Monte Carlo mwaka 1953, akatengeneza kifaa cha kujipima anavyopita kwenye kona ili aongeze spidi. Kifaa kilekile ndio kikaja kuwakamata wenzake duniani kote. Uingereza ziliingia mwaka 1992. Ile ya kawaida inakaa kwenye boksi juu ya nguzo, ina rada, ukipita umezidisha inakupiga picha kwa nyuma, mbili, zimeachana nusu sekunde, mwanga wa flashi paa paa. Na kwenye lami kuna mistari myeupe imechorwa kwa vipimo. Kwa nini picha mbili? Kwa sababu ya watu kama wewe wanaosema rada imekosea. Wanachukua picha wanahesabu umevuka mistari mingapi ndani ya nusu sekunde, kwa 50 unakwenda mita kama 7, kwa 71 karibu 10. Rada ikisema hivi na mistari ikisema vile, picha inatupwa.

Nyingine hazina rada kabisa, zina nyaya zimezikwa chini ya lami, gari likipita juu ya waya wa kwanza saa inaanza, wa pili saa inasimama. Na kuna zile mbaya kuliko zote kwa mtu anayependa kukanyaga halafu akaachia akiona kamera, zinakaa mbili, moja hapa na nyingine mbele kilomita kadhaa. Ya kwanza inasoma namba yako na saa, ya pili inasoma tena namba yako na saa. Tuseme kati yake ni kilomita 20 na kikomo ni 80, basi huruhusiwi kufika chini ya dakika 15. Ukitumia 12 ulikuwa na wastani wa 100, hata kama mbele ya kamera zote mbili ulipita na 60 unatabasamu. Ule ujanja wetu wa kuwashiana taa huko hauna kazi. Dawa yake ni kusimama njiani kunywa chai, ambayo ukiiwaza vizuri ndio walichokuwa wanakitaka.

Kwa jirani zetu Rwanda kamera za barabarani zipo za kutosha, wenyewe wamezipa jina Sofia, waulize madereva wa malori wanaokwenda Kigali watakusimulia. Ukimsikia mtu anasema "Sofia kanikamata" usidhani ni mambo ya mapenzi.

Usiku tochi inapima kama kawaida maana leza haihitaji jua, kinachosumbua ni picha, giza likiwa nene namba haionekani bila kifaa cha kumulika. Mvua kubwa na ukungu vinaipunguzia umbali kwa sababu matone yanarudisha mwanga kabla haujakufikia.

Deni lako lipe kwa kontroo namba uliyopewa, usiliache likae, siku mzee akisimamishwa na hiyo Noah wakaangalia namba ya gari litatokea jina la kosa, tarehe na mahali. Ukija Moshi pita gereji na ile picha usiifute, nataka nione ubavu wa tairi umeandikwaje. Kama ni 195/65 basi mshale haukukuibia hata kilomita moja na mzee hana haja ya kujua kwamba lori lilipitwa wapi.